Gertrude Elion: Mpima achari aliyetuletea krimu ya vidonda vya mdomo

Julai moja binamu yangu alinipigia simu kutoka Kitale akiwa karibu kulia. Alikuwa ameitwa intavyu Bungoma siku ya Ijumaa, ya kwanza tangu amalize chuo, na Jumatatu hiyo alikuwa ameamka mdomo wa juu ukimwasha. Kufika saa saba mchana malengelenge matatu yalikuwa yamejipanga pembeni mwa mdomo, yamejaa maji, yanauma hata akitabasamu.

Anayeijua baridi ya Kitale mwezi wa saba hatashangaa. Ukungu unashuka kutoka Mlima Elgon, asubuhi unatoka na jaketi mbili, halafu saa sita jua linachoma kama hakujawahi kuwa na baridi. Midomo inapasuka. Lakini hii haikuwa midomo kupasuka tu. Wenzake wa nyumba walianza kumcheka eti amebusu nani. Mamake akasema ni homa inatoka, apake chumvi. Jirani akapendekeza dawa ya meno. Kwenye kemisti ya kwanza aliuziwa krimu ya ngozi, ile yenye steroidi ambayo watu hupaka kila mahali, kuanzia upele hadi chunusi. Aliipaka usiku, asubuhi kidonda kilikuwa kimetanuka. Krimu za aina hiyo hutuliza kinga ya ngozi, na virusi vikikuta askari wamelala vinafanya sherehe.

Kemisti ya pili ndiyo iliyomwokoa. Mama mmoja wa makamo alimwomba asogee kwenye mwangaza, akamtazama, kisha akachukua kijitubu kidogo kuliko kidole cha mtoto. Akamwelekeza apake mara tano kwa siku kwa siku tano, anawe mikono kabla na baada, na asimbusu mtoto wa dadake hadi ngozi ipone. Kwenye kijitubu kulikuwa na neno ambalo binamu yangu alinisomea kwa simu herufi moja moja: asaiklovia.

Akaniuliza ni nani alitengeneza hiki kitu. Sikujua. Nikaenda kutafuta, na nilichokuta kilinifanya nimpigie tena usiku huo huo, kwa sababu mwanamke aliye nyuma ya kile kijitubu naye alitafuta kazi miaka na miaka bila mafanikio.

Anaitwa Gertrude Belle Elion. Alizaliwa New York tarehe 23 Januari 1918. Babake alikuwa daktari wa meno aliyehamia Marekani kutoka Lithuania, mamake naye alifika akiwa msichana kutoka upande ule wa Ulaya Mashariki uliokuwa chini ya Urusi. Nyumbani vitabu vilikuwa vingi kuliko pesa. Alipokuwa na miaka kama sita hivi kaka yake mdogo alizaliwa, familia ikahamia Bronx, na huko Gertrude akasoma kila alichopewa. Hakuwa na somo moja analolipenda. Alipenda yote, jambo ambalo ukimwambia mwalimu wa fom foo leo anakuona huna mwelekeo.

Mwelekeo ulikuja kwa njia mbaya. Babu yake mzaa mama alikuwa amehamia kuishi nao Gertrude akiwa na miaka mitatu, na wawili hao walipendana sana. Mwaka 1933, Gertrude akiwa na miaka 15, mzee huyo alikufa kwa saratani ya tumbo. Msichana alimwona akinyauka siku baada ya siku na madaktari hawana la kufanya. Yeyote aliyewahi kulala kwenye benchi la wodi akimsubiri mtu wake anaijua hiyo hali ya kuwa na mikono miwili isiyo na kazi. Gertrude aliondoka pale akiwa ameamua: atasoma kemia, na atatafuta dawa.

Tatizo lilikuwa karo. Babake alikuwa amepoteza akiba yake katika mporomoko wa soko la hisa wa 1929. Kilichomwokoa binti ni Hunter College, chuo cha wasichana cha jiji la New York ambacho hakikutoza karo mradi umefaulu vizuri. Alifaulu. Mwaka 1937, akiwa na miaka 19, alihitimu kwa alama za juu kabisa.

Halafu kukawa kimya.

Aliomba nafasi za kuendelea na masomo katika vyuo 15, akiomba pia msaada wa fedha. Hakuna hata kimoja kilichompa. Aliomba kazi za maabara. Kipindi hicho uchumi ulikuwa umelala, na kazi chache zilizokuwepo zilihifadhiwa wanaume. Mahali pamoja walikubali kwamba ana sifa zote, ila wakamkataa kwa hoja kwamba mrembo kama yeye atawatoa vijana wa maabara kwenye kazi zao. Binamu yangu aliposikia hiyo alicheka hadi kidonda kikauma. Alikuwa ametuma maombi kumi na manane, na kule alikojibiwa waliandika tu kwamba nafasi zimejaa.

Gertrude alijiandikisha chuo cha uhazili. Ndiyo, msichana aliyemaliza kemia kwa alama za juu alikaa darasani akijifunza kupiga taipu. Alivumilia wiki sita. Ikatokea nafasi ya kufundisha wauguzi bayokemia kwa miezi mitatu, akaacha taipu akaichukua. Miezi mitatu ilipokwisha akarudi mtaani. Siku moja kwenye karamu alikutana na mkemia mmoja, akamwomba amruhusu kufanya kazi kwenye maabara yake hata bila malipo. Alikubaliwa. Baada ya muda akaanza kulipwa, na alipofikia mwisho pale mshahara ulikuwa dola 20 kwa wiki.

Hapa naomba nitoe maoni yangu. Hii sehemu ya kufanya kazi bure hupenda kutumiwa na mabosi wa siku hizi kuwaeleza vijana wa atachimenti kwamba njaa ni sehemu ya masomo. Wanasahau kwamba Gertrude alikuwa bado anaishi kwa wazazi wake, anakula kwao, analala kwao. Asingekuwa na hicho kitanda, stori yake ingeishia kwenye taipu.

Kwa akiba yake na msaada wa nyumbani aliingia Chuo Kikuu cha New York mwaka 1939 kusomea uzamili. Katika darasa lake la kemia alikuwa mwanamke peke yake. Mchana alifundisha shule za upili kama mwalimu wa kushikilia nafasi za wengine, usiku na wikendi akafanya majaribio. Alimaliza mwaka 1941.

Mwaka huo huo kulitokea jambo ambalo hakuwa akipenda kulizungumzia sana. Alikuwa na mchumba, Leonard Canter, kijana mwenye akili nyingi wa hisabati na takwimu. Walikuwa wakipanga kuoana. Leonard alipata maambukizi ya bakteria ndani ya moyo, akafa. Miaka michache tu baadaye penisilini ilianza kupatikana, na ugonjwa uleule ukawa wa kutibika. Gertrude hakuolewa maisha yake yote. Wengine wameandika kwamba alichagua maabara badala ya ndoa. Mimi naona alikuwa amechagua ndoa, ikachukuliwa na ugonjwa.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyofungua milango ya maabara kwa wanawake, kwa sababu wanaume walikuwa wameenda jeshini. Usifikiri alianza na dawa. Alipata kazi ya kukagua ubora wa vyakula kwa kampuni ya maduka ya A&P. Alipima ukali wa achari. Aliangalia kama rangi ya kiini cha yai kwenye mayonezi ni ile inayotakiwa. Alichunguza matunda yasiwe na ukungu. Alijifunza kutumia vyombo vya kupimia, na alipoona hakuna kipya tena akaaga. Akaenda Johnson & Johnson kwenye maabara mpya iliyofungwa baada ya miezi sita.

Kisha mwaka 1944 vidonge vya maumivu vikamfungulia njia. Babake, kama madaktari wengi wa meno, alipokea sampuli za dawa kutoka kampuni ya Burroughs Wellcome. Aliangalia pakiti, akaona kwamba kampuni hiyo ina maabara Tuckahoe, mji mdogo karibu na New York, akamwambia bintiye aulize kama wanaajiri. Gertrude akaenda. Aliyemhoji alikuwa George Hitchings, mkemia mpole aliyekuwa akitafuta msaidizi. Alimchukua kwa dola 50 kwa wiki. Miaka saba ilikuwa imepita tangu ahitimu digrii ya kwanza. Alikuwa na miaka 26.

Wakati huo dawa nyingi zilipatikana kwa kubahatisha. Unachanganya kemikali, unampa panya, unaona kama atakufa au atapona. Hitchings alikuwa na wazo tofauti, na ukilielewa hilo wazo utaielewa krimu ya binamu yangu, kwa hivyo nipe dakika mbili.

Umewahi kupita barabara za vijijini Bungoma ukaona tanuri za matofali? Fikiria kila kiumbe kinachotaka kuongezeka, iwe bakteria, seli ya saratani au virusi, ni kama fundi anayejenga nyumba mpya kila siku. Nyumba yenyewe ni DNA, na matofali yake ni kemikali za aina chache tu. Mbili kati ya hizo ni za kundi la purini. Fundi anayejenga haraka sana anahitaji matofali mengi na hana muda wa kukagua moja moja. Sasa wewe ukimpelekea tofali linalofanana na la kweli lakini lina kasoro, atalichukua, ataliweka ukutani, na ukuta utamkwamia. Hitchings alimkabidhi Elion hayo matofali ya purini. Hii ilikuwa 1944, miaka tisa kabla ya Watson na Crick kueleza umbo la DNA. Walikuwa wakiharibu ujenzi wa nyumba ambayo hakuna aliyekuwa ameiona ramani yake.

Alitaka pia shahada ya uzamifu. Kwa miaka miwili alitoka kazini jioni akapanda treni hadi Brooklyn Polytechnic, akarudi nyumbani usiku mkubwa. Mkuu wa chuo akamwita akamweleza kwamba mwanafunzi wa kweli husoma mchana kutwa, kwa hivyo aache kazi au aache masomo. Aliacha masomo. Kwa miaka mingi baadaye alijiuliza kama alikosea, kwani kila aliyekutana naye kwenye mikutano ya wanasayansi alikuwa na cheo cha udaktari na yeye hana.

Tofali la kwanza lililofanya kazi kwa mgonjwa liliitwa diaminopurini. Mwanamke wa miaka 23 mwenye saratani ya damu, lukemia, alipewa dawa hiyo hospitalini New York, akapata nafuu hadi madaktari wakaanza kujiuliza kama kweli alikuwa na lukemia. Aliolewa, akazaa mtoto. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulirudi, akafa. Miongo mingi baadaye Elion bado alikuwa akitokwa na machozi akimtaja.

Alirudi mezani. Mwaka 1951 alitengeneza dawa nyingine, 6-merkaptopurini. Enzi hizo nusu ya watoto waliopatikana na lukemia kali walikufa ndani ya miezi michache tu. Dawa hii iliwapa muda zaidi, wengine mwaka mzima, na mwaka 1953 ikaidhinishwa Marekani. Muda zaidi, si kupona. Lakini madaktari walipoichanganya na nyingine, hesabu ikabadilika, na leo katika nchi zenye hospitali zilizokamilika zaidi ya asilimia 80 ya watoto hao wanapona. Dawa yenyewe bado iko kwenye mchanganyiko huo.

Zilizofuata nitazipitia mbio, maana ni nyingi. Azathioprini, binamu wa hiyo ya lukemia, ilituliza kinga ya mwili kiasi kwamba mwaka 1962 mgonjwa aliweza kupandikizwa figo ya mtu asiye ndugu yake na mwili usiikatae. Wale wanaopandikizwa figo pale Eldoret wanapita mlango uliofunguliwa na dawa hiyo. Alopurinoli ikatuliza jongo, ule ugonjwa wa kidole gumba cha mguu unaomfanya mzee achukie shuka. Na kwenye maabara hiyohiyo ya Hitchings zilitoka pairimethamini, ambayo ni nusu ya Fansidar tuliyomeza utotoni na ambayo bado akina mama wajawazito wa Bungoma hupewa kliniki kuzuia malaria, pamoja na trimethoprimu, iliyo ndani ya Septrin. Nyumba ngapi magharibi mwa Kenya hazijawahi kuwa na Septrin?

Sasa turudi kwenye mdomo.

Virusi vinavyoleta malengelenge ya mdomo vinaitwa hepesi simplex aina ya kwanza. Takriban thuluthi mbili ya watu wote duniani walio chini ya miaka 50 wanavyo, na wengi wao walivipata utotoni kwa busu la shangazi au kikombe kimoja cha uji. Kwa hivyo ule utani wa umebusu nani hauna maana. Pengine ni nyanya yako, mwaka uliotambaa. Vikishaingia havitoki tena. Hupanda kwenye neva ya uso hadi kwenye kifundo kimoja ndani ya fuvu, karibu na sikio, na kulala humo. Homa ikija, au baridi, au jua kali, au wasiwasi wa intavyu, huamka na kuteremka njia ileile hadi kwenye mdomo, mara nyingi mahali palepale pa mwaka jana.

Hadi miaka ya 1960 wanasayansi wengi waliamini kwamba virusi haviwezi kuuawa bila kumuua mwenyeji. Virusi havina jiko lao wala vyombo vyao. Vinapika ndani ya seli yako kwa vyombo vyako. Ukivunja sufuria umejivunjia mwenyewe. Dawa chache zilizokuwepo zilikuwa kali mno.

Elion alikuwa na deni la zamani hapo. Mwaka 1948 ile diaminopurini yake ilikuwa imeonyesha dalili za kuzuia virusi, lakini ilikuwa na sumu, akaiweka kando. Ilikaa rafuni miaka 20. Mwaka 1968, akiwa sasa mkuu wa idara yake, alisoma kwamba kemikali ya ukoo huohuo ilikuwa imegusa virusi. Akaitoa rafuni. Sampuli zikapelekwa Uingereza kwa John Bauer, mtaalamu wa virusi wa kampuni hiyohiyo, na majibu yaliporudi yalikuwa mazuri. Mwaka 1970 kampuni ilihamia North Carolina, Elion akafunga virago naye akaenda. Huko mkemia Howard Schaeffer alikuwa akitengeneza matofali ambayo sehemu yake ya sukari imekatwa, haikukamilika duara. Moja kati ya hayo likawa asaiklovia. Ilizuia hepesi zaidi ya mara mia moja kuliko kemikali waliyoanza nayo, na seli zenye afya hazikuonekana kujali.

Kwa nini? Elion na kikosi chake walitumia miaka kutafuta jibu. Kampuni iliwataka wakae kimya, na walikaa kimya takriban miaka minne, jambo lisilo rahisi kwa watu wenye habari kama hiyo. Mwaka 1978 wakaeleza.

Asaiklovia ikiingia kwenye seli yako ya kawaida haifanyi lolote. Ni kama tofali lililofungwa kwenye karatasi. Virusi vya hepesi, vinapoingia kazini, hutengeneza kimeng'enya chao wenyewe cha kuandaa vifaa vya ujenzi, na ni hicho kimeng'enya kinachoifungua ile karatasi. Seli isiyo na virusi haiwezi kuifungua, au inaifungua kidogo sana. Kwa hiyo mwizi ndiye anayejifungulia mtego. Tofali likishafunguliwa linaingia ukutani, lakini kwa kuwa sukari yake imekatwa halina sehemu ya juu ya kushikia tofali linalofuata. Ukuta unaishia hapo.

Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha dawa hiyo ya kupaka kwa jina la Zovirax. Sindano na vidonge vilifuata. Mdomo wetu ndio unaoonekana, ila kazi kubwa ya asaiklovia ni mahali usipopaona: hepesi inapoingia kwenye ubongo, au inapompata mtoto mchanga, au inapomshambulia mgonjwa ambaye kinga yake imeshushwa kwa ajili ya figo mpya. Zamani wengi wao walikufa. Na iliponyesha kwamba virusi vinaweza kupigwa bila kumuumiza mgonjwa, imani ile ya zamani ikaanguka. Elion alistaafu 1983, lakini aliendelea kupita maabara kama mshauri, na vijana aliowafunza walikuwa miongoni mwa kikosi kilichogundua kwamba AZT, kemikali iliyokuwa imetengenezwa miaka ya 1960 kwa ajili ya saratani, inazuia virusi vya ukimwi. Ikawa dawa ya kwanza ya ukimwi kuidhinishwa, 1987. Hakutaka kujitwalia sifa hiyo.

Tarehe 17 Oktoba 1988, kabla ya saa moja asubuhi, akiwa ananawa uso, simu ililia. Alikuwa mwandishi wa habari akimpongeza. Elion alidhani ni mzaha. Alikuwa amepata Nobel ya Tiba pamoja na Hitchings na Mskoti Sir James Black. Miaka 70, bila shahada ya uzamifu. Mwaka uliofuata Brooklyn Polytechnic, kule alikoambiwa achague, wakampa uzamifu wa heshima. Mwaka 1991 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Kitaifa la Wavumbuzi la Marekani. Jina lake lilikuwa kwenye hataza 45.

Sehemu ya pesa za Nobel aliwapelekea Hunter College kusomesha wasichana wa kemia. Alikaa kwenye kamati za Shirika la Afya Duniani za magonjwa ya nchi za joto, akafundisha wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Duke, akasafiri na kamera yake, na kila alipopata nafasi alienda New York kusikiliza opera. Ofisini alihifadhi barua za watu asiowajua: mzazi wa mtoto aliyepona lukemia, mtu aliyeishi kwa figo ya mwenzake, mtu ambaye hakupofuka. Alikufa tarehe 21 Februari 1999, Chapel Hill, akiwa na miaka 81.

Kuhusu krimu yenyewe, tusidanganyane. Ukiipaka mara tu mdomo unapoanza kuwasha, kabla ya malengelenge, inafupisha ugonjwa kwa siku moja hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Ukisubiri hadi gaga liote, umechelewa. Haiviondoi virusi kule vilikolala. Kidonda kikikaa zaidi ya wiki mbili, au kikisogea karibu na jicho, au vikiwa vinakurudia kila mara, usirudi kemisti, nenda hospitali ukaangaliwe na upimwe. Hataza ya asaiklovia ilikwisha miaka ya 1990 na viwanda vingi sasa vinaitengeneza, ndiyo maana kijitubu kilifika hadi rafu ya Kitale bila jina la Wellcome popote.

Binamu yangu alipanda matatu Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, akapita Kiminini, Kamukuywa na Webuye, akashuka Kanduyi akamalizia na boda. Kidonda kilikuwa gaga dogo la kahawia. Alikuwa amebeba barakoa kwenye mkoba, akaamua kutoivaa. Watu watatu walimhoji na hakuna aliyeutaja mdomo wake. Kazi hakuipata. Kijitubu bado kiko kwenye mkoba, kimebaki nusu, na ameandika kwa kalamu tarehe aliyokifungua.